MJADALA: Kumuimbia mchezaji kwamba ni shoga pale Nangwanda, huo ndo ushabiki?

Wadau wa Kusini, salaam kwenu. Najua nikileta hili kuna watakaonirukia kabla hawajamaliza kusoma, rukeni tu ila malizeni kwanza. Nazungumzia haya matusi ya kumuita mchezaji au refa shoga, na yale mengine mazito zaidi ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mnayajua, yanayoimbwa na jukwaa zima kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona pale Mtwara, Ilulu pale Lindi, mpaka kwenye ndondo za mchangani. Msimamo wangu nautoa mapema kabisa ili asije mtu kusema nimezunguka: yakomeshwe. Tuanze sisi wenyewe kwenye matawi ya mashabiki, na asiyesikia aadhibiwe na timu yake iadhibiwe.

Waliokuwepo enzi za timu yetu ya Ndanda ligi kuu, kuanzia msimu wa 2014/15 mpaka wanashuka 2020, wanajua Simba au Yanga ikija Mtwara mji ulikuwa haulali, watu wanatoka Newala, Tandahimba, Masasi, wengine pesa ya korosho bado ya moto mfukoni, Kuchele Kuchele, jina la utani la Ndanda, kila kona. Raha ile naikumbuka mpaka leo na ndo maana inaniuma kuisema hii. Kuna winga wa timu ngeni alikuja kapaka nywele rangi, kijana ana madaha yake, basi kila akigusa mpira mzunguko mzima, yale majukwaa ya kawaida, unamuimbia lile neno, na sisemi vijana waliochangamka na mataputapu, nasema watu wazima, baba zetu, watu ambao mtaani ukipita hujawasalimia wanakuita urudi. Na mtoto mdogo kabisa kakaa mabegani kwa baba yake anaimba hivyo hivyo, hajui hata anachokiimba. Mwingine ni kipa wa timu ya vijana huku Mikindani, mtoto wetu wenyewe, sauti yake nyembamba ndo kaumbwa nayo, aliitwa jina hilo na mashabiki wa timu yake mwenyewe akifungwa goli, ikahamia mtaani, ikahamia shuleni, akaacha mpira. Alikuwa kipa kweli yule mtoto. Hakuna mtu aliyewahi kumuomba radhi mpaka leo.

Jibu la kwanza mnalonipa kijiweni ni kwamba mpira una utani, Simba na Yanga wenyewe tunawaita watani wa jadi. Jamani sisi watu wa huku ndo wa kufundishwa utani? Mmakonde na mtani wake wanaambiana maneno ambayo mgeni akisikia anaita polisi, mpaka msibani mtani anakuja anafanya vurugu na hakuna anayekasirika. Lakini mtani ananirudishia, na kesho nikifiwa yeye ndo wa kwanza kufika kunichimbia kaburi. Yule winga anamrudishia nani? Watu elfu kadhaa dhidi ya mtu mmoja ambaye akijibu hata kwa kidole anakula kadi nyekundu na faini juu. Hapo hamna utani hata kidogo. Wameksiko nao walijitetea hivi hivi, wana neno lao wanamzomea nalo kipa wa wapinzani akipiga goli kiki, wakawa wanasema ni mazoea tu halina maana mbaya. FIFA haikuelewa. Mwaka 2021 timu yao ya taifa ikacheza Azteca uwanja mtupu, baada ya Kombe la Dunia la Qatar 2022 wakapigwa faini ya faranga za Uswisi 100,000, na Juni 2023 kule Las Vegas wanacheza na Marekani refa akamaliza mpira kabla ya muda kwa sababu ya neno hilo hilo. Nchi yenye mpira mkubwa vile imeaibika mbele ya dunia kwa mdomo wa mashabiki wake.

Halafu kuna hili la dini, na hapa naongea kama Muislamu nikiwaambia Waislamu wenzangu ambao ndo wengi Mtwara mjini na Lindi. Mnasema tunakemea uchafu. Kukemea gani huko? Suratul Hujurat aya ya 11 inatukataza kudharauliana na kuitana majina ya kejeli, imesema wazi haina chenga. Suratun Nur aya ya 4 imeweka viboko themanini kwa anayewasingizia machafu wanawake waliojihifadhi na hana mashahidi wanne. Ukiona Mwenyezi Mungu kaweka ulinzi mkali namna hiyo juu ya heshima ya mtu, wewe unatoa wapi ujasiri wa kumzulia kijana wa watu mbele ya uwanja mzima kwa sababu ya nywele au kwa sababu kakosa penalti? Wakristo wa Ndanda na Masasi nao wana amri yao ya kutomshuhudia jirani uongo, sijasikia ikiondolewa siku ya mechi.

Sheria ya nchi nayo mnaitaja sana. Ndiyo, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kipo, adhabu yake ni kuanzia miaka 30 mpaka maisha, sijakataa kama kipo. Ila kile kinasema kitendo, kinathibitishwa mahakamani, hakijampa mtu wa mzunguko kazi ya kuhukumu mwendo wa mchezaji. Na kanuni hiyo hiyo ukienda kifungu cha 89 lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani ni kosa. Hicho mbona hakina anayekikumbuka siku ya mechi?

Sasa naomba nisogee mbele kidogo maana sitaki mtu aondoke na picha kwamba shida yangu ni wale wanaosingiziwa tu. Tuseme mchezaji kweli yuko hivyo. Ndo apigwe kelele mpaka afe? Justin Fashanu, baba yake Mnigeria, mwaka 1981 alinunuliwa na Nottingham Forest pauni milioni 1, mchezaji mweusi wa kwanza Uingereza kufika bei hiyo. 1990 akajitangaza gazetini kwamba yeye ni shoga. Majukwaa hayakumuacha, vyumba vya kubadilishia nguo havikumuacha, mpaka mdogo wake wa tumbo moja John, naye mchezaji mkubwa tu, alimkana hadharani. Mwaka 1998 akajiua, ana miaka 37. Baada yake mpira wa wanaume Uingereza ulikaa zaidi ya miaka 30 ndo akatokea mchezaji mwingine wa kulipwa anayecheza bado akajitangaza, Jake Daniels wa Blackpool, 2022, mtoto wa miaka 17. Kati ya hapo unadhani hawakuwepo? Walikuwepo wamenyamaza, wanacheza na hofu. Mimi sikubali mtu yeyote auliwe na kelele za jukwaa nililokaa mimi, awe nani awe vipi, ni mtoto wa mtu na roho kapewa na aliyenipa mimi.

Na mnaosema hayo ni ya Ulaya, nendeni Afrika Kusini. Eudy Simelane alichezea Banyana Banyana, timu ya taifa ya wanawake, hakuficha kwamba anapenda wanawake, mwaka 2008 akabakwa na kuuawa kwao KwaThema. Mtaani kwao, na watu wa kwao. Hili linanigusa kwa sababu timu za mabinti zinaota huku kwetu, na binti akikata nywele fupi na ana shuti kali keshaitwa jike dume, anaulizwa kama ni msagaji, mama yake anaulizwa sokoni, na wapo waliotolewa timu na baba zao kwa maneno ya mashabiki tu. Halafu tunakaa tunalalamika Kusini hatutoi wachezaji timu ya taifa.

Suala la kwamba kukataza haya ni ajenda ya wazungu sitalikwepa. Mtu kumlazimisha mwingine avae kitu kisichoendana na imani yake mimi pia siungi mkono. Idrissa Gueye wa Senegal alikosa mechi ya PSG Mei 2022 jezi zilipokuwa na rangi za upinde wa mvua, alama ya kuunga mkono mashoga, akasakamwa Ufaransa nzima, mimi nilikuwa upande wake. Sam Morsy nahodha wa Ipswich, mwishoni mwa 2024 akakataa kitambaa cha upinde wa mvua kwa sababu ya dini yake, klabu ikasema inaheshimu uamuzi wake, mambo yakaisha. Lakini angalieni vizuri hao watu wawili, hakuna aliyemtukana mtu. Wamekaa na imani yao kimya wakacheza mpira. Mimi hapa siombi mtu avae kitambaa, siombi mtu abadili dini, naomba mtu afunge mdomo wake kwenye tusi moja. Na tusi hilo hatujaletewa na meli ya mzungu, ni letu, kulitoa ni kazi yetu.

Kwamba haiwezekani ndo sikubali kabisa. Bodi ya Ligi inapiga faini timu kwa kuingia uwanjani kupitia mlango usio rasmi, ushirikina ule wote tunaujua, kamisaa wa mechi anakaa anaandika nani kapita wapi, halafu mzunguko mzima ukiimba uchafu dakika tisini kamisaa masikio yake yameenda wapi? FIFA ina utaratibu wa hatua tatu: refa anasimamisha mechi na tangazo linatolewa kwenye spika, wakiendelea anawatoa wachezaji uwanjani kwa muda, wakiendelea tena mechi inavunjwa. Ufaransa Agosti 2019 mechi ya Nancy na Le Mans, ligi daraja la pili tu, refa alisimamisha kwa nyimbo za namna hii, dunia haikuisha. TFF ni mwanachama wa FIFA na kifungu cha 4 cha katiba ya FIFA kinakataza ubaguzi wa aina zote, mpaka huu. Namungo yetu ya Ruangwa ilishafika makundi ya Kombe la Shirikisho msimu wa 2020/21, mnataka siku wanarudi huko kimataifa wafungiwe uwanja kwa midomo yetu? Na AFCON 2027 tunaiandaa sisi, Kenya na Uganda, kamera zitakuwa kila upande.

Ila faini peke yake naona haitoshi, klabu zetu hizi hazina hela ukiwapiga faini unaua timu. Mimi naamini kwenye wahamasishaji. Ngoma ikianza nyimbo gani watu wanafuata, jukwaa linaongozwa na watu kumi kumi na tano tunaowajua kwa majina ya utani. Hao wakikataa kuanzisha, haiimbwi. Mwenyekiti wa tawi akisema atakayeanza wimbo ule hapandi basi la tawi safari ijayo, mtaona.

NAONGEZEA baada ya kusoma michango yenu.

Kaka wa Nachingwea umesema mchezaji analipwa, avumilie. Kaka yangu, wa ligi kuu analipwa, yule kipa wa Mikindani analipwa na nani? Na tangu lini mshahara ukawa bei ya kumvunjia mtu heshima, wewe bosi wako anakulipa, akikuita hivyo mbele ya wenzako utakaa?

Aliyeniuliza kama mimi mwenyewe ni mmoja wao ndo maana natetea: hilo swali lako ndo ugonjwa wenyewe ninaouzungumzia, mtu hawezi kufungua mdomo kutetea utu wa mwenzake bila kuvuliwa nguo. Sikujibu, na ningekuwa ndiye pia hoja ingebaki pale pale.

Bi mkubwa wa Chikongola nimekusoma mpaka mwisho na nimesikitika. Umesema ulikuwa ukienda Nangwanda na wanao, ukaacha kwa sababu huwezi kukaa na mtoto wa kiume wa darasa la pili akakuuliza neno lile maana yake nini. Mama, wewe na hao watoto ndo mnaofanya uwanja ujae, tunawafukuza wenyewe halafu tunashangaa mapato ya getini.

Na mwalimu wa Lindi uliyesema tuanze mashuleni, kwenye michezo ya sekondari na msingi, UMISSETA na UMITASHUMTA, nakuunga mkono mia kwa mia, mwalimu wa michezo akisikia tusi hilo asimamishe mechi pale pale, watoto wanaelewa haraka kuliko sisi. Ila walimu nao waache kulitumia, maana wapo wanaomkaripia mtoto anayeogopa mpira wa kichwa kwa maneno hayo hayo, tusifichane.

Sasa nataka niwasikie viongozi wa matawi, Simba, Yanga, Ndanda, Namungo, mpo humu nawaona mnasoma hamchangii. Mechi ijayo pale kwenu nani yuko tayari kusimama mbele ya ngoma na kusema wimbo ule hauimbwi? Na waliowahi kuimbiwa, mkiweza kuandika bila kutaja majina, andikeni, sisi wengine tutasoma tu.