Msaada: printa na DVR zimegoma kutuma taarifa kwa barua pepe

KaratasiNne: Wakuu, ofisini tuna printa yenye skana, DVR ya kamera na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) yenye kadi ya mtandao. Nataka vitume taarifa kwa Gmail. Printa nimeweka poti 587, inaleta kosa 535. DVR ipo poti 25, haiunganishi kabisa. Nenosiri ni la akaunti yangu na nina hakika nalo.

WayaMbili: Hayo ni matatizo mawili, mkuu. 535 maana yake printa imefika kwenye seva, ila imekataliwa mlangoni: Google haipokei tena nenosiri la kawaida kwa vifaa vya aina hiyo. Fungua akaunti ya vifaa peke yake, washa uthibitishaji wa hatua mbili, tengeneza nenosiri la programu (app password), utumie hilo kwenye vifaa. Ni herufi 16, ziandike bila nafasi.

Poti 25 kampuni nyingi za intaneti huifunga kuzuia barua taka. Weka 587 na STARTTLS, au 465 na SSL (zote ni njia za kusimba mawasiliano). Ukizichanganya, kifaa kitazubaa mpaka muda uishe.

Mzee wa Swichi: Kwenye DVR angalia pia DNS (inayogeuza jina la seva kuwa IP). Watu hujaza IP na geti (gateway), DNS wanaacha wazi, halafu wanalaumu nenosiri. Na tarehe! Ikisoma mwaka 2000, cheti cha seva kinaweza kukataliwa. Washa NTP, kifaa kijirekebishe saa kupitia mtandao. Taarifa za mtu kupita mbele ya kamera zipunguze, maana Gmail ya bure mwisho ni barua 500 kwa siku, na paka mmoja usiku anazimaliza.

KaratasiNne: Printa na DVR safi, asanteni. UPS bado, kadi yake inaishia TLS 1.0, toleo la zamani la usimbaji.

WayaMbili: Hiyo usihangaike nayo. Weka Postfix (programu ya seva ya barua pepe) kwenye kompyuta ndogo ya Linux, ipokee barua za UPS na kuzipeleka Gmail. Kwenye mipangilio yake andika:

relayhost = [smtp.gmail.com]:587
mynetworks = 127.0.0.0/8 192.168.1.0/24
smtp_tls_security_level = encrypt
smtp_sasl_auth_enable = yes
smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
smtp_sasl_security_options = noanonymous

Mstari wa mwisho ndio wengi husahau, nenosiri haliendi. Ukishaandika sasl_passwd (faili la akaunti na nenosiri la programu), endesha amri ya postmap juu yake. UPS itatuma kwa kompyuta hiyo, poti 25, bila nenosiri. Mynetworks iwe ya LAN yako (mtandao wa ndani) tu, na kwenye ruta usiifungulie poti hiyo kutoka nje, la sivyo matapeli watatuma barua zao kupitia kwako.

Mzee wa Swichi: Hiyo kompyuta, swichi na ruta vyote vichomekwe kwenye UPS. Umeme ukikatika ruta ikazima, taarifa ya kukatika umeme utaipata umeme ukisharudi.