Mama ana kisukari, anachanganya vidonge na karela, uwatu na unga wa mganga: naombeni ushauri

Binti_Pwani: Habari za leo wakuu. Mama yangu ana miaka 67, tuko Tanga. Kliniki wamempa metformini miligramu 500 asubuhi na jioni, na glibenklamaidi miligramu 5 asubuhi. Tangu mwezi uliopita ameongeza vyake: juisi ya karela glasi nzima kabla hajatia kitu tumboni, uwatu uliolowekwa usiku, na unga wa kahawia aliouziwa na mganga, hauna jina, kijiko kimoja kwenye uji. Sukari ya asubuhi iliyokuwa inacheza kwenye 10 na 11 sasa ni 4.1, juzi 3.7 (milimoli kwa lita). Nyumbani wanashangilia. Baba mdogo anasema vidonge viachwe, mitishamba imemaliza kazi. Ila usiku mama analowa jasho na akiamka kichwa kinamgonga. Miguu nayo ina ganzi, anailoweka kwenye maji moto ya mwarobaini. Nifanyeje bila kumgombanisha na mganga wala daktari?

Zamu_ya_Usiku: Dada, msishangilie. Chini ya 4.0 kwa mtu anayetumia dawa ya kisukari ni sukari kushuka, na jasho la usiku pamoja na kichwa cha asubuhi ni dalili kwamba huenda inashuka akiwa amelala. Pimeni hata saa nane au saa tisa usiku mjue.

Mshukiwa wa kwanza hapo ni glibenklamaidi. Inalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama sukari tayari iko chini, na nguvu yake inaweza kukaa mwilini saa 24, zaidi kama figo zimechoka. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Sasa juu ya glibenklamaidi umeweka karela, nayo inashusha, tena tumbo likiwa tupu. Kwa umri wa mama, ulizeni kama inafaa kubadilishwa: orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema glibenklamaidi haifai kwa waliovuka miaka 60, na gliklazaidi, dawa ya kundi hilohilo, ndiyo iliyowekwa hapo. Ombeni na kipimo cha figo.

Ikisoma chini ya 4.0: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe yote. Rudia kupima baada ya dakika 15. Bado iko chini, rudia. Ikipanda, ale kitu kinachokaa, mkate au uji. Asali ni sawa kwa dharura hii, chai ya maziwa bila sukari haisaidii. Akianza kuongea ovyo au hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, hospitali mara moja. Na hata akizinduka apelekwe, maana kwa glibenklamaidi sukari hushuka tena baada ya saa kadhaa. Asubuhi ikisoma chini ya 4.0, asimeze kidonge hicho mpaka mzungumze na kliniki.

Kinu_na_Mchi: Niongezee upande wa miti. Kosa si karela, kosa ni glasi nzima. Karela ya kupika, iliyokatwa vipande na kutiwa chumvi ikamwaga maji yake, ni mboga kama mboga nyingine na mama aendelee nayo akipenda. Juisi ni kitu kingine: matunda matatu manne yamekamuliwa, yananywewa mara moja, na tunda la leo halina ukali sawa na la kesho. Hakuna anayejua amekunywa kiasi gani. Aache juisi leo. Mbegu zake pia zitolewe, zina kemikali iitwayo visini, na mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu (huku pwani wapo wengi), anaweza kuvunjikiwa damu.

Uwatu ni mpole zaidi, lakini nao upimwe. Aanze na kijiko kimoja cha chai kisichorundikwa, kama gramu 4 hivi. Loweka usiku, mwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, kisha atafune au usagwe, *pamoja na chakula*, na maji glasi moja. Ule ute wake ndio unaochelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu, kwa hiyo kuula usiku bila chakula ni kuupoteza bure. Na ute huohuo unaweza kukamata vidonge, basi vipishane saa mbili. Akizidisha atapata gesi na kuharisha. Mwenye mzio wa karanga au dengu awe mwangalifu. Jasho likinuka utamu utamu msiogope, ni uwatu.

Mzizi_Mkavu: Watu mnatishana tu humu. Kemikali za hospitali ndizo zinaua figo. Baba mdogo yuko sahihi, aache vidonge, abaki na vya asili. Babu zetu walikuwa wanakunywa nini?

Zamu_ya_Usiku: @Mzizi_Mkavu metformini ilitokana na utafiti wa mmea uitwao galega, dawa ya kienyeji ya Ulaya, na Jean Sterne wa Ufaransa ndiye aliyeitumia kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Tofauti ni kwamba kidonge kimepimwa: miligramu 500 ni 500. Na kinachoharibu figo za mgonjwa wa kisukari zaidi ya kitu kingine ni sukari na presha zilizoachwa juu. Mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo, kikombe cha dawa ya mizizi ya Babu kilikuwa shilingi 500 na kisukari kilikuwa kwenye orodha ya magonjwa yaliyosemwa kinaponya. Wapo walioweka dawa zao pembeni wakaishia hospitali wakiwa hoi.

Kinu_na_Mchi: Na mganga anayejua kazi yake hakwambii uache dawa ya daktari. Akikwambia hivyo, hapo hapo umeshampima.

Muuguzi_Mstaafu: Mmepita haraka sana kwenye miguu, na mimi ndiko kunakonitisha. Mguu wenye ganzi hausikii moto. Mama anaingiza miguu kwenye beseni, anaona vuguvugu, kumbe ngozi inaungua. Lengelenge linapasuka, yeye hana habari, kidonda kinaoza. Miguu mingi inakatwa kwa kuanzia na kitu kidogo namna hiyo. Mwarobaini hauna kosa hapo, kosa ni maji moto na kuloweka, maana kuloweka kunafanya ngozi ikauke na kupasuka baadaye.

Aoshe kwa maji ya kawaida, wewe ndiye ujaribu joto kwa kiwiko, si yeye. Kausha katikati ya vidole. Paka vaselini au mafuta ya nazi juu na chini ya mguu, ila *si* katikati ya vidole, pakibaki unyevu fangasi wanazaliana. Kila jioni geuza nyayo utazame, tumia kioo ukishindwa kuinama. Asitembee peku hata uani. Akipata kidonda, hakuna majivu, unga wa dawa wala asali ya dukani. Kitambaa safi kikavu na kliniki siku hiyohiyo.

Binti_Pwani: Asanteni sana, Mungu awabariki. Juisi imeachwa leo, amenung'unika kidogo. Vijiti vya kupimia nimenunua. Swali lililobaki: ule unga wa kahawia. Mganga anasema ni mizizi ya mlonge na "vingine".

Kinu_na_Mchi: Mizizi? Usitumike. Kinacholiwa kwenye mlonge ni majani. Mizizi na magome yana sumu inayogusa mishipa ya fahamu. Unga wa majani uliokaushwa kivulini ni kijani kibichi na unanukia majani, unatiwa kwenye uji ukishaepuliwa. Wa kahawia ama ulianikwa juani, ama si majani.

Zamu_ya_Usiku: Wasiwasi wangu mwingine ni hayo "vingine". Unga wa kisukari unaofanya kazi kwa kasi hivyo mara nyingine umesagiwa glibenklamaidi ndani, basi mama atakuwa anameza dozi mbili bila kujua. Ukichanganywa deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi, mambo yanageuka: maumivu yanaisha, hamu ya kula inapanda, uso unavimba, na sukari inapaa.

Aache, lakini usiutupe. Ufunge kwenye mfuko wa nailoni, andika tarehe ulionunuliwa na kiasi alichokuwa anakula, nenda nao kliniki pamoja na daftari la vipimo. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vitu hivi. Mganga muulize namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, yake na ya dawa. Sheria ipo tangu 2002, kwa hiyo si kumvunjia heshima. Mratibu wa tiba asili wa halmashauri yenu anaweza kuihakiki.

Binti_Pwani: Kliniki yake ni Jumatano ijayo. Nisubiri?

Zamu_ya_Usiku: Usisubiri, umeshaona 3.7 na jasho. Nenda kesho asubuhi, beba kila kitu anachokula, karela ikiwemo.