Cheti cha uraia ninacho, mbona bado naulizwa kaburi la babu?

Mwana wa Ulyankulu (Tabora mjini)
Habari za humu wakuu. Wazazi wangu waliingia nchini 1972 wakikimbia mauaji Burundi, wakapelekwa makazi ya Ulyankulu. Mimi nimezaliwa huko, nimelima tumbaku huko, na Kirundi changu ni cha kuungaunga. Cheti cha uraia nilikipata 2014; sisi na wenzetu wa makazi ya Katumba na Mishamo tuliokubaliwa uraia tulikuwa jumla zaidi ya watu 160,000.

Mwezi uliopita nilikwenda ofisi fulani kufuatilia karatasi za mwanangu. Afisa akakitoa cheti kwenye nailoni, akakigeuza, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Halafu: "Babu yako kazikwa wapi?" Nikasema Burundi. Akakisukuma kwangu kwa kidole kimoja, kama sahani ya ugali uliolala.

Naomba kuelewa: ni sera iliyotuacha tuwe Warundi mpaka leo, au ni roho za watu tu?

Muha Halisi
Pole, ila usidhani uko peke yako. Mimi ni wa Kasulu, babu wa babu yangu kazikwa huko huko. Nimeshateremshwa basi mara mbili kwa kuongea Kiha na mke wangu kwenye simu! Kiha na Kirundi vinasikilizana, basi ukifungua mdomo tu umeshakuwa mkimbizi. Wewe angalau una cheti. Mimi hata cha kuzaliwa sina.

Mwana wa Ulyankulu
Mkuu umenichekesha, na hapakuwa pa kucheka.

Bibi Maendeleo (mstaafu, Urambo)
Mwanangu, roho za watu zipo, lakini zilifundishwa. Kutoka makazini mlihitaji kibali. Miaka thelathini na zaidi mtu analima, anaoa na kuzika humo humo; Mnyamwezi wa huku angekujulia wapi, zaidi ya siku ya mnada? Halafu uraia ulipokuja, mkaambiwa muhame makazi msambazwe mikoani, eti ndiyo mchanganyike. Mtu kajenga, ana miembe inayozaa, aanze upya asikojua mtu! Vyeti vikakwama miaka kwa ajili hiyo, mpaka sharti la kuhama likaachwa. Jirani aliyekuwa akiyatazama yote hayo alijifunza nini? Kwamba nyie ni mzigo wa kugawana.

Msomaji wa Ujiji
Hilo la babu lina historia hata kwa wakubwa. Mwaka 1968 Uingereza ilitunga sheria mbili. Moja iliwafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza hiyohiyo: aliyepita bila kikwazo ni yule ambaye yeye mwenyewe, mzazi, babu au bibi yake alizaliwa au alipata uraia kule. Ya pili ikakataza kumnyima mtu kazi au nyumba kwa rangi yake. Sasa mwenye nyumba kule London aamini ipi, wakati serikali yenyewe imeshauliza babu?

Mwana wa Ulyankulu
Asanteni, hasa Bibi. Kumbe hata wenye pasipoti waliulizwa. Jumatatu narudi pale dirishani. Habari za baba hakuniuliza. Yeye kazikwa Ulyankulu, nyuma ya bani la kukaushia tumbaku alilolijenga mwenyewe. Nitamwelekeza njia.