Hela ya pampu yetu imeliwa kwa jina la "siri ya jeshi". Kinu cha fyusheni cha kubeba kwenye lori hakipo, acheni kuwaibia wakulima!

Mbukwenyi wakuu. Leo siku ya nne silali vizuri. Naomba wasimamizi msiunganishe uzi huu na ule wa juzi wa "Wamarekani wanatuficha umeme wa bure", maana ule uzi ni sehemu ya tatizo.

Sisi ni kikundi cha wakulima wa zabibu huku Hombolo, wanachama 31. Tumechanga zaidi ya mwaka, elfu kumi kumi, msimu wa mavuno elfu ishirini, mpaka zikafika shilingi 4,650,000. Hela ya pampu ya sola. Fundi alishakuja, akapima kisima, akatupa bei, tulibakiza kidogo tu. Mnaojua Dodoma mnajua mvua zikikata mwezi wa nne zimekata. Mashine ya dizeli inakula hela kuliko zabibu inavyorudisha, na kuna mama mjane mwenzetu aliuza mbuzi wawili ili asidaiwe mchango.

Mwezi wa nne nilikuwa Mvumi namuuguza mama. Huku nyuma akaletwa kikaoni kijana mmoja, shati limenyooka, kompyuta mkononi, amejitambulisha kuwa wakala. Akawaonyesha video ya mtambo wa umeme wa fyusheni unaokaa nyuma ya lori, akasema unatoa megawati 100, umetengenezwa na watu wanaounda ndege za kivita za Marekani, na malori 22 ya namna hiyo yanalifikia Bwawa la Nyerere na megawati zake 2,115. Kijiji kitakachotangulia kulipa kitafungiwa kwanza. Mzee mmoja akauliza, "Mwanangu, tunaweza kuuona ukiwaka?" Akajibiwa: "Mzee wangu, haya ni mambo ya jeshi, hayaonyeshwi." Kikao kizima kimya. Mhazini akatuma hela yote kwa simu. Risiti hakuna. Namba ile sasa haipatikani.

Nimefundisha fizikia sekondari miaka 19. Niliporudi na kuuliza, nikaambiwa kwenye kundi la WhatsApp kwamba nina wivu, na kwamba hata intaneti na ramani za kwenye simu zilianza jeshini, mimi ni nani nipinge. Hapo ndipo damu ilipochemka, kwa sababu sentensi hiyo nusu yake ni kweli, na ndiyo iliyotumika kutuibia.

Tuanze na hiyo video. Haikutengenezwa na huyo kijana, aliiokota. Oktoba 2014 kampuni ya Lockheed Martin, kupitia kitengo chake cha Skunk Works kinachojulikana kwa ndege za siri, ilitangaza kuwa inafanyia kazi kinu kidogo cha fyusheni. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Thomas McGuire. Walisema megawati 100, ukubwa wa kutosha nyuma ya lori kubwa, na mfano wa kwanza ndani ya miaka mitano. Hesabuni wenyewe: 2014 na mitano ni 2019. Mpaka leo hakuna balbu hata moja duniani iliyowashwa na mtambo huo. Video ya ahadi iliyokwisha muda inazungushwa Hombolo kama bidhaa iliyoko bandarini!

Fyusheni ni kuunganisha viini vya atomu nyepesi, kazi inayofanywa na jua. Vinu vya nyuklia vilivyopo vinafanya kinyume, vinapasua viini vizito vya urani. Ili uunganishe duteriamu na tritiamu, aina mbili nzito za haidrojeni, hapa duniani unahitaji joto la zaidi ya nyuzi milioni 100, na hakuna chombo cha kulishika, ndiyo maana wanalining'iniza kwa sumaku. Kila muungano ukitokea hurusha nyutroni kali, chembe ndogo sana za atomu, ambazo bati la lori halizizuii, zinataka kinga nene na nzito pande zote. Hiyo tritiamu yenyewe nusu yake inapotea kila miaka 12 na ushei, na kwenye maumbile karibu haipo. Kijana aliulizwa mafuta yatatoka wapi? Hakuulizwa. Nisingekuwa Mvumi ningemuuliza mimi, na hilo linaniuma mpaka sasa.

Mnaosema "jeshi wanayo tayari, wameificha", someni historia. Fyusheni iliwahi kuwa siri kweli. Miaka ya 1950 Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti kila mmoja alikuwa amejifungia na yake, na mwanafizikia wa Kisovieti Sakharov, aliyechora pamoja na mwenzake Tamm wazo la tokamaki (mtambo wa umbo la pete unaolishika joto hilo kwa sumaku), ndiye huyo huyo aliyekuwa kwenye bomu la haidrojeni. Mwaka 1958, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kule Geneva, wakafungua madaftari. Kazi ilikuwa imewashinda kila mmoja peke yake.

Halafu sikieni hili, maana ndilo ningetaka lisomwe kikaoni kwetu. Mwaka 1968 Warusi walitangaza kuwa tokamaki yao ya T-3 imefika joto la nyuzi kama milioni 10. Nchi za Magharibi hazikuamini. Vita Baridi ndiyo hiyo, mabomu yameelekezwa huku na huku. Mwaka uliofuata Warusi wakawaruhusu Waingereza kutoka maabara ya fyusheni ya Culham waende Moscow na vifaa vyao vya leza wakapime wenyewe. Wakapima, wakakuta ni kweli, na dunia nzima ikahamia kwenye tokamaki. Maadui wa nyuklia walikubali kupimwa na maadui zao! Sisi tunaambiwa kuuliza ni kukosa adabu.

Na wasioruhusu kupimwa historia inawajua pia. Machi 1951 Rais Perón wa Argentina alitangaza kuwa nchi yake imeiweza fyusheni, kwenye kisiwa cha Huemul, chini ya mwanasayansi Ronald Richter. Akasema nishati itauzwa kwenye chupa za nusu lita na lita moja, kama maziwa. Mwaka uliofuata wataalamu walipopelekwa kukagua hawakukuta kitu. Hela za wananchi zilikuwa zimeshazikwa kisiwani.

Sasa hiyo nusu ya kweli. Ndiyo, jeshi limetupa mengi, siwezi kulikana hilo mbele ya wanafunzi wangu. Umeme wa nyuklia wa kiraia wa Marekani ulitokana na jeshi la majini: nyambizi Nautilus ilianza safari kwa nguvu za nyuklia Januari 1955, na Desemba 1957 kinu cha Shippingport, kazi ya Admirali Rickover, huyo huyo wa nyambizi, kikaanza kupeleka umeme mjini. Nyambizi ilionekana ikienda kwanza, umeme ukafuata. GPS nayo, ile inayoiambia ramani ya simu uko wapi: setilaiti ya kwanza ilirushwa 1978, na mwaka 1983, baada ya ndege ya abiria ya Korea kutunguliwa watu 269 wakafa, Rais Reagan wa Marekani akaahidi raia wataitumia. Hata hivyo waliendelea kuipunguzia usahihi makusudi kwa raia hadi Mei 2000. Jeshi linatoa likitaka, wakati linaotaka, na likitoa unaona kwa macho. Halijawahi kumtuma wakala na kompyuta kukusanya michango Hombolo.

Mnataka kuona jeshi na fyusheni vinapokutana kweli? Ni kwenye maabara ya Livermore, California. Mtambo wao wa leza umejengwa hasa kwa ajili ya kuchunguza silaha za nyuklia bila kuzilipua, maana Marekani iliacha majaribio ya milipuko mwaka 1992. Tarehe 5 Desemba 2022 walipiga punje ya mafuta ya fyusheni kwa leza za megajuli 2.05 (megajuli ni kipimo cha nishati), zikatoka 3.15. Walitangazia dunia nzima baada ya siku chache tu! Lakini leza hizo zilivuta kwenye gridi karibu megajuli 300. Ngoja niseme kwa Luku: ziliingia uniti kama 83, haikutoka hata moja iliyotimia. Jengo lenyewe ni kama viwanja vitatu vya mpira wa Wamarekani. Huo ndio uwezo wa taifa lenye jeshi tajiri kuliko yote. Lori liko wapi?

Sipingi utafiti. Wanaohangaika na fyusheni nawaheshimu, na natamani wajukuu zangu wauone umeme wake. Ninachopinga ni neno "jeshi" kugeuzwa kufuli la midomo ya watu wasio na pesa ya kupoteza. Na wewe uliyeandika ule uzi wa juzi, mkuu, uliandika ukiwa umekaa kwenye feni. Huku kwetu vichala vimesinyaa kabla ya kuiva.

NYONGEZA: Mkuu mmoja hapo chini anasema tulipumbazwa kwa tamaa yetu. Hapana. Yule mjane hakuwa na tamaa, alitaka maji ya mizabibu yake.

Mke wangu amekusanya picha za miamala yote kutoka kwenye simu ya mhazini, na Jumamosi tunakwenda polisi, wanachama wote wanaoweza kutembea. Kama umekutana na kijana wa namna hii Bahi, Chamwino, Kongwa au upande wa Manyoni, andika hapa ni mwezi gani na alidai kiasi gani. Majina na namba msiweke, nitumieni faraghani.