Jiji limefilisika, jengo liko tupu: vijana wa panki wapewe, au lipigwe mnada?

Mleta mada: Wadau, naileta hoja hii nikijua wapo watakaokasirika. Viwanda vikifungwa katika jiji dogo, hubaki majengo matupu na vijana wasio na pa kwenda. Panki, yaani muziki wa gitaa wa kasi na kelele, huota hapo hapo, maana haidai mwalimu wala studio: gitaa la kuazima, wimbo wa dakika mbili, na chumba ambacho jirani hatawaitia polisi. Chumba ndicho adimu. Sasa, halmashauri isiyo na fedha iwape vijana hao jengo lake lililokaa bure, au iliuze ipate chochote?

Mimi nasema wapewe. Na wapewe kwa hati ya umiliki au mkataba mrefu, si kwa hisani ya diwani aliyeko madarakani leo.

Itazameni Derry, Ireland ya Kaskazini. Miaka ya 1970 kazi hakuna, wanajeshi wako mitaani, na Januari 1972 raia 13 waliuawa kwa risasi siku moja. Katika mji huohuo vijana wa bendi ya panki ya The Undertones walijinoa kwenye baa ndogo iitwayo Casbah, na mwaka 1978 rekodi yao ya kwanza ikatolewa na Good Vibrations, lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ya Terri Hooley, mwenye duka la santuri Belfast. Au Bradford, Uingereza, wakati viwanda vya sufu vikikata roho: watu waliokuwa wakiishi kwa posho ya wasio na kazi walianzisha 1 in 12 Club mwaka 1981, na 1988 wakahamia kwenye jengo lao wenyewe. Hakuna aliyewatuma.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, mfano wako wa Derry unakusuta. Casbah ilikuwa baa ya mtu binafsi. Panki ilinawiri kwa sababu serikali haikuigusa. Chukueni funguo za halmashauri leo, kesho mtaambiwa mlete mashairi yakaguliwe. Halafu kuna mama ambaye mtaa wake hauna taa. Yeye mtamwambia nini?

Mleta mada: Baa ni ya watu wazima, ndugu yangu. Mtoto wa miaka 15 mwenye bendi apige wapi? Ukumbi wa Gilman kule Berkeley, Marekani, ulifunguliwa tarehe 31 Desemba 1986 kwa ajili ya rika zote: pombe marufuku, ubaguzi marufuku, ngumi marufuku, kazi zote ni za kujitolea. Hata bendi zilizosaini na kampuni kubwa za muziki zilikatazwa kupiga, na bendi ya Green Day, iliyokulia hapo, wakafungiwa mlango na nyumbani kwao wenyewe. Kwangu hiyo ilipita kiasi, lakini ni kanuni waliyojitungia, hawakuletewa na ofisa.

Kuhusu kukaguliwa mashairi, ndiyo maana nang'ang'ania hati. Copenhagen, Denmark, mwaka 1982 iliwaachia vijana nyumba ya mtaa wa Jagtvej, namba 69, ila umiliki ukabaki kwa jiji. Mwaka 1999 jiji likaamua kuiuza. Machi 2007 polisi wakawatoa kwa nguvu, nyumba ikabomolewa siku chache baadaye, magari yakachomwa, mamia wakakamatwa. Mwaka uliofuata jiji likawapa nyumba nyingine! Kama mwisho wake ni huo, vurugu zote zile zilikuwa za nini? New York nayo ilihangaika miaka mingi kuwaondoa watu wa ABC No Rio, kituo cha sanaa na panki, kisha mwaka 2006 ikawauzia jengo kwa dola 1.

Mchangiaji wa pili: Malizia basi hadithi ya New York. Jengo lile lilikuwa bovu, likabomolewa 2017. Hati ya gofu ni mzigo, si zawadi. Na kuna jambo mnalipita haraka: Oakland, tarehe 2 Desemba 2016, ghala la wasanii liitwalo Ghost Ship liliungua usiku wa tamasha, watu 36 wakafa. Muziki wa usiku ule haukuwa panki, lakini majengo mnayoyaomba ni ya namna ile ile. Nani atabadilisha nyaya? Nani atakwenda kuwaambia wazazi?

Mleta mada: Hapa ndipo penye mjadala wenyewe, kelele na nywele za rangi ni vijisababu tu. Baada ya moto ule, Baltimore ilifunga jengo la wasanii la Bell Foundry mwezi huo huo, na waliokuwa wakiishi humo wakajikuta nje. Ukifunga, muziki haukomi. Unahamia chini ya nyumba ya mtu, kwenye mlango mmoja na waya mmoja wa kuunganisha. Kwa hiyo halmashauri itengeneze nyaya na milango ya dharura kabla ya kukabidhi, ipange idadi ya watu, ikataze kulala humo, na ije kukagua bila taarifa. Kwenye moto iwe kali kama inavyotaka, kwenye mashairi ikae kando.

Mchangiaji wa tatu: Mkishapachangamsha mahali, kodi za nyumba zitapanda, tutahama sisi wapangaji.

Mleta mada: Hofu hiyo ni ya kweli katika jiji linalokua. Katika jiji linalohamwa, kwanza apatikane mtu anayetaka kupanga. Na wa mnada bado hamjanijibu: jengo likikosa mnunuzi mnada wa kwanza na wa pili, mnafanya nini nalo?