Mrejesho: zile katuni za Oswald zilizopotea

Wakuu nimerudi. Niliuliza wapi nitaona katuni za yule sungura Oswald, zile za Disney za 1927 na 1928 kabla ya Mickey Mouse, maana kadhaa zimepotea. Asanteni sana mlionijibu. Aliyesema nisitafute kwa jina la Kiingereza tu ndo kanisaidia zaidi, kumbe Neck 'n' Neck, mojawapo ya zilizopotea, ilikaa miaka na miaka Japani kwa mzee mmoja aliyeinunua akiwa kijana, na kopi yenyewe imeandikwa jina la Mickey, sasa hapo nani angejua? Ila ni kama dakika mbili tu, siyo nzima. Empty Socks, ile ya Krismasi iliyopatikana Norway 2014, nimeiona, kuna kipande katikati hakipo lakini inaeleweka.

Ila katuni nyingine ya Oswald, The Banker's Daughter, nimetoka kapa. Nimeziandikia maktaba za filamu kama mlivyoshauri, moja imejibu vizuri tu kwamba hawana, nyingine kimya hadi leo. Mwenye ndugu Ulaya anayekusanya rili za zamani za filamu za 16mm amuombe afungue makopo aangalie, asiamini lebo.