Tupeane uzoefu: jina ulilobandikwa maandamano yalipokwisha

Wadau, mimi ni mzaliwa wa Kondele, Kisumu. Naomba tuzungumzie majina yanayozaliwa barabarani siku ya maandamano, kisha yanamfuata mtu hadi nyumbani na kazini.

Langu ni hili. Mwaka 2019 niliomba kazi ya kuuza katika duka la vyombo, Nakuru. Mwenye duka alitazama kitambulisho changu, akaona nilikotoka, akasema, "Nyinyi watu wa mawe, si mtanimalizia glasi?" Kazi nilipata. Lakini kwa miaka miwili, kila kikombe kilipoanguka, macho yote yalinigeukia mimi. Sijawahi kurusha jiwe maishani. Kabla ya uchaguzi wa 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na "watu wa kurusha mawe" limo. Niliisoma ile orodha mara mbili kwenye simu. Kwetu Kisumu watu walitoka kudai kura zao baada ya uchaguzi, wengine wakazikwa, na nchi ikachagua kukumbuka jiwe tu.

Wewe uliitwa nani? Au ulimwita nani?

Boda wa Bondeni, Nakuru
Juni 2024, kwenye maandamano ya kupinga kodi za Mswada wa Fedha, nilimbeba msichana aliyelemewa na moshi wa vitoza machozi. Hakuwa na kitu mkononi ila bendera ndogo na chupa ya maji. Usiku wa tarehe 25 Rais Ruto akasema kwenye runinga kuwa kuna wahalifu wanaojifanya waandamanaji. Mamangu akapiga simu: "Mwanangu, na wewe uko na hao wahalifu?" Nilikuwa nimeinama kwenye beseni naosha macho. Sikukasirikia mama. Nilichoona ni kwamba neno lilikuwa limefika kwake kabla yangu, na sasa ilinibidi nijieleze kwa mtu aliyenizaa.

Mwalimu mstaafu, Bungoma
Sisi wa zamani jina letu lilikuwa Mwakenya. Lilikuwa jina la vuguvugu la chinichini lililoipinga serikali ya chama kimoja, lakini kufikia msako wa 1986 lilikuwa limegeuka shtaka. Ukionekana na kitabu kisichoeleweka, ukibishana na mkubwa wako, wewe ni Mwakenya. Walimu na wahadhiri walifungwa. Katika chumba cha walimu tulijifunza kunyamaza hata tukizungumzia bei ya sukari.

Mtu wa Molo
Kwetu neno lilikuwa madoadoa, yaani watu walioonekana wageni mahali walipoishi, nalo lilitangulia moto. Siandiki zaidi.

Mama Shule ya Jumapili, Kakamega
Mimi nazungumzia jina lililorushwa juu, kwa wakubwa. Vijana walimwita Rais Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, kwa ajili ya kodi, na "Zakayo shuka" ikawa wimbo wa barabara nzima. Uchungu wao naujua, mafuta ya kupikia nanunua mimi. Lakini Jumapili moja nilifungua Luka 19, nikasoma "Zakayo, shuka upesi", watoto wakaanza kupiga makofi na kuimba kama wako kwenye maandamano. Nikawauliza, je, alipofika chini alifanya nini? Hakuna aliyejua. Nikawasomea: nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu akawarudishia mara nne. Mvulana mmoja akauliza, "Kwa hivyo walimwita ashuke ili arudishe?" Nikamwambia ndiyo. Sehemu hiyo ndiyo ningependa vijana waishike.

Kijana wa Nyalenda, Kisumu
Mimi ndiye niliyeita. Wabunge 195 walipopitisha ule Mswada wa Fedha, neno letu kwao lilikuwa "wasaliti", na hilo silijutii. Ila siku ya maandamano mtaani kwetu, mama mmoja alifungua kibanda chake cha mboga. Nilimpigia kelele "msaliti!" na wenzangu wakaitikia. Akafunga. Alifunga polepole, akarudisha nyanya moja moja kwenye karai, sukuma wiki akaifunika kwa gunia lenye maji isinyauke. Baadaye nikasikia ana mtoto aliyekuwa na miadi ya kliniki kesho yake. Sisi ambao tumeitwa watu wa mawe tangu utotoni, hatukuchukua hata dakika moja kumtafutia mwingine jina.

Juzi nilienda kununua vitunguu kwake. Nilisema, "Shikamoo, mama." Aliitikia, akanihesabia chenji, akamgeukia mteja wa nyuma yangu.